Beji za marehemu babu: ziende Marekani au zibaki Tabata?

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Tabata na nauza vitenge Kariakoo. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwangu kuna jambo lililoanza kama furaha ya mtoto, na sasa limewafanya watu wazima wasisalimiane.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anaishi Orlando huko Marekani. Amemwalika binti yangu wa pili, ana miaka 11, aende kukaa naye likizo ya Desemba. Nauli ametoa yeye, visa imeshatoka, tunachosubiri ni shule kufunga. Amemwahidi kumpeleka Walt Disney World, zile bustani kubwa za michezo na katuni. Mtoto huyu ukimpeleka Kunduchi kwenye maji au Fun City kule Kigamboni analala na nguo za mtoko kwa furaha, sasa fikiria ametajiwa Disney.

Kilicholeta maneno ni beji. Wifi amemweleza kwamba kule watoto, na hata watu wazima, hutembea na mkanda shingoni uliojaa beji ndogo za chuma zenye katuni. Unamfuata mfanyakazi wa bustani aliyevaa mkanda kama wako, unachagua moja yake, unampa moja yako. Tangu siku hiyo binti yangu amekuwa mtu wa beji tu. Amezichora kwenye daftari la hesabu, ameniomba mkanda wa kitambulisho changu cha kanisani, anamfanyisha mdogo wake mazoezi ya kubadilishana kwa vifuniko vya soda.

Lakini hana beji hata moja ya Disney ya kuanzia. Wifi anasema dukani beji moja ni dola kumi na kwenda juu. Ameona mtandaoni mtu anauza mfuko wa beji 50 kwa bei ya beji nne za dukani, anataka aununue, anasema wengi huanza hivyo. Mimi nimeuza vitenge miaka mingi, Anti. Mtu akiniletea jora la wax kwa robo ya bei, najua ninachokwenda kukiona nikigeuza pindo. Nilipomwambia, akanijibu, "Wifi, ni vitu vya watoto, nani anaangalia?" Nikanyamaza, maana yeye ndiye mwenye safari. Lakini sijapenda mwanangu aende nchi ya watu kumpa mtu feki ili achukue orijino.

Hilo ni dogo. Kubwa ni kopo la babu.

Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alifariki mwaka jana. Mwaka 1980 alikwenda Moscow na timu yetu ya Olimpiki, miongoni mwa waliofuatana na wanariadha kuwahudumia. Alirudi na kopo la biskuti limejaa beji. Nyingi zina yule dubu wao, nyingine ni za timu za nchi ambazo leo hazipo hata kwenye ramani. Alipokuwa hai, binti yangu ndiye aliyekuwa anakaa naye mkekani wakizipanga, na kila moja ilikuwa na maelezo yake: hii nilipewa na daktari wa Bulgaria, hii nilimpa mtu bendera yetu akanipa hii. Alipoanza kuugua alisema mbele yetu sote kwamba kopo hilo ni la mjukuu wake huyu.

Sasa wifi amemwambia mtoto aje nalo, kwamba huko beji za zamani za Olimpiki zina wapenzi wake, atazibadilisha apate za Disney tele. Mume wangu aliposikia hakugomba. Alilichukua kopo akaliweka juu ya kabati letu, akasema, "Beji za baba haziondoki nyumba hii." Wifi akatuma ujumbe kwamba yule ni baba yake pia. Tangu hapo hawapigiani simu. Kila mmoja ananituma mimi kwa mwenzake. Mume wangu ameanza hata kusema mchezo wenyewe ni upuuzi, fedha za kununulia vyuma vya kuning'iniza shingoni ni heri zilipe ada. Mama mkwe yupo, anasikia yote, hasemi neno.

Juzi usiku binti yangu akaniuliza, "Mama, babu mwenyewe si alizipata kwa kubadilishana?" Sikuwa na la kumjibu.

Nataka aende akafurahi. Sitaki aanze na feki, sitaki kumgeuka mume wangu, na sitaki kumvunjia heshima wifi aliyetukumbuka. Nifanyeje, Anti?

Mama wa Katikati, Tabata

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba wa baba mkwe. Mwaka mmoja ni jana tu.

Umeniletea mambo matatu yaliyofungwa pamoja. Kuna mfuko wa beji za bei ya kutupwa. Kuna kopo, na swali la nani ana haki ya kuliamulia. Na kuna ndugu wawili waliofiwa na baba, ambao sasa wanazungumza kupitia kwako. Nitaanza na mchezo wenyewe, kwa sababu nadhani hapo katikati kuna jambo ambalo hakuna mtu nyumbani kwako amelichunguza.

Kubadilishana beji katika bustani za Disney kulianza Oktoba 1999, hukohuko Walt Disney World, walipokuwa wakisherehekea kuingia kwa mwaka 2000. Mwaka uliofuata kukafika Disneyland ya California. Masharti yake ni machache. Ni beji moja kwa moja. Kwa mfanyakazi mmoja mgeni anaruhusiwa kubadilisha beji mbili kwa siku. Fedha haiingii. Humpi beji inayofanana na ambayo tayari anayo kwenye mkanda wake. Na beji unayotoa lazima iwe ya chuma, na nyuma yake iwe na alama ya hakimiliki ya Disney. Ikitimiza hayo, mfanyakazi anabadilisha bila kuuliza ipi ni ghali kuliko nyingine. Kwa mtoto wa miaka 11 hiyo ni faraja kubwa, kwa sababu hakuna wa kumzidi ujanja pale.

Umeona lililomo humo? Beji ya dubu wa Moscow haina alama ya Disney. Mfanyakazi wa bustani hawezi kuipokea, hata aipende vipi. Wifi yako na mume wako wanagombania jambo ambalo, kwa sehemu kubwa, haliwezekani. Kinachobaki ni wageni wenyewe kwa wenyewe, maana nao hubadilishana, na wao wakikubaliana basi. Huko ndiko beji ya zamani inaweza kumpata mpenzi wake. Ila huko pia mwanao anaweza kukutana na mtu mzima aliyekusanya beji miaka thelathini, anayejua kipi kina thamani na kipi hakina, na mwanao anachojua ni kwamba hii inang'aa na ile imefubaa.

Nikuulize: katika nyumba yenu, nani anajua kilichomo ndani ya kopo hilo? Simaanishi thamani tu, ingawa nayo ipo. Dubu huyo, Misha, aliyekuwa nembo ya michezo ile, alitengenezwa kwa wingi mno, Warusi walikuwa wapenzi wakubwa wa beji, kwa hiyo nyingi za aina yake si adimu hata leo. Beji za timu za nchi hutengenezwa chache zaidi, na kama ndani yake imebaki hata moja ya timu yetu ya mwaka ule, hiyo ningeitazama mara mbili. Lakini yale maelezo ya daktari wa Bulgaria yameandikwa wapi? Kwa barua yako, yamo kichwani mwa mtoto mmoja, labda na cha mama mkwe ambaye hakuna aliyemuuliza. Kabla ya kuamua kipi kiende na kipi kibaki, mngeweza kulishusha kopo jioni moja, bibi na mjukuu wakae, kila beji ipigwe picha na maneno yake yaandikwe. Hapo hamjaamua lolote, na hata ikitokea moja imepotea, maneno yake yatakuwa yamebaki.

Sasa swali la binti yako, ambalo nimelipenda sana. Ana hoja. Desturi hii ni ya zamani kuliko Disney yenyewe: tangu Olimpiki ya Athens mwaka 1896 wanariadha na waamuzi walivaa beji za karatasi ngumu za kuwatambulisha, na baadaye watu wakaanza kupeana beji kwa urafiki. Babu yake alifanya walichofanya wenzake wote. Ila babu alifanya jambo la pili pia. Aliporudi nyumbani hakuzibadilisha tena. Alizikusanya kwa kuachia alichokuwa nacho, kisha akazitunza zaidi ya miaka arobaini. Yote mawili ni yake. Mume wako ameshika la pili, mwanao na shangazi yake wameshika la kwanza, na sioni kwamba kuna anayemdanganya marehemu. Unaweza kumwambia mtoto hivyohivyo na kumwacha alifikirie. Mtoto aliyeuliza swali kama hilo anaweza kubeba jibu lisilokamilika.

Umeandika kwamba mume wako anaona mchezo huo ni upuuzi. Inawezekana. Lakini hakusema hivyo mpaka kopo lilipotajwa, na hiyo inanifanya niulize kama ni ada kweli inayomsumbua. Moscow 1980 si safari ya kawaida kwa familia ya Mtanzania. Miaka minne kabla yake tulisusia Olimpiki ya Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika. Kule Moscow, Wamarekani nao wakiwa wamesusia, Filbert Bayi alileta medali ya fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akaleta nyingine ya fedha katika mita 5000. Hadi Paris 2024, hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki tulizowahi kupata. Baba yake alikuwapo! Kijana aliyekua akijua hivyo, akafiwa, halafu akasikia kwamba beji hizo zinakwenda kubadilishwa na za katuni, unategemea aseme nini? Labda angetaka kwanza mtu amuulize kuhusu baba yake, kabla ya kumuuliza kuhusu kopo. Wewe uko karibu naye kuliko wote.

Hata hivyo, kuna hatari katika alichofanya, na ungeweza kumwonyesha taratibu mkiwa wawili. Babu alitoa zawadi mbele ya watu. Mtoto alisikia. Sasa ameona ikipandishwa juu ya kabati asipofika. Baba yake anaweza kuwa na sababu nzuri kabisa ya kuilinda, na bado mtoto akajifunza kwamba cha mtoto si chake hasa. "Tunakutunzia" na "haziondoki" ni kauli mbili tofauti, na masikioni mwa mwanao tofauti hiyo ni kubwa.

Na wifi je? Hujaniambia kama aliweza kuja mazikoni. Kama hakuweza, nisome upya yale maneno yake, "ni baba yangu pia". Nawaza kwamba huenda hata yeye mwenyewe hajatambua anachokiomba. Anasema mtoto aje na beji abadilishe, lakini labda anachotaka ni kuzishika tu. Anakaa mbali, hana hata kikombe cha baba yake. Sina uhakika, simjui. Ila ungeweza kumuuliza kwa upole, "Wifi, kuna moja unayoikumbuka?" Jibu lake litakuonyesha mambo mengi.

Njia ziko kadhaa, na kila moja ina gharama yake. Kopo likibaki lote, mume wako anatulia na hakuna kinachopotea safarini, lakini wifi atasikia mlango umefungwa, na mtoto atakwenda na kinyongo kidogo. Likienda lote, kuna mizigo inayopotea, kuna ule mshawasha wa kupewa beji tano zinazong'aa kwa moja iliyofubaa, na jambo kama hilo likitokea, mume wako atamlaumu dada yake kwa miaka. Katikati yake kuna zile zinazofanana. Kama dubu wa aina moja wako wanne, mmoja akiondoka hadithi haijaondoka. Kuna pia kumpa mtoto beji moja ya kuvaa bila kubadilisha. Wanaocheza mchezo huo wanaelewa hilo vizuri: watu wengi huvaa beji zao za kutunza pamoja na za kubadilisha, na kukataa si utovu wa adabu. Mkanda wa mtu haushikwi bila ruhusa. Mfundishe kusema, "Hii si ya kubadilisha, asante," mpaka itoke bila kutetemeka. Mdogo wake na vifuniko vya soda wanatosha kwa mazoezi. Na kuna kumpelekea shangazi moja iwe yake, ambalo nadhani ni la mume wako kulitamka, si lako.

Kwa hao wageni wengine, mbona Kariakoo kumejaa beji za bendera yetu? Mfanyakazi hataipokea, haina alama ya Disney. Lakini mtoto wa Brazil au wa Texas atakayekutana naye kwenye foleni anaweza kuipenda kuliko unavyodhani, na hiyo ni bidhaa ile ile babu aliyotumia Moscow.

Nirudi kwenye mfuko. Hisia zako ni sahihi kuziheshimu. Beji za bei ya aina hiyo, zikiuzwa kwa mafungu, mara nyingi ni zile ambazo kiwanda kilipaswa kuzitupa, au zilizonakiliwa na kutengenezwa pembeni. Dalili zake utazielewa upesi wewe kuliko wifi yako: rangi haijajaa na ina vishimo, kingo zinakwaruza, beji ni nyepesi mkononi, rangi ya nguo ya Mickey si ile. Nyingi za orijino zina vichwa vidogo vya Mickey vilivyochapwa nyuma mpaka ukingoni, wakati za kuiga mara kwa mara huacha mstari mtupu kuzunguka. Ni pindo lako lilelile la kitenge.

Lakini jua na upande wa pili. Feki zimeshaingia kwa wingi kwenye mzunguko huo, hata kwenye mikanda ya wafanyakazi. Mwanao anaweza kutoa orijino ya dola kumi na akapokea feki, na mfanyakazi asijue. Kama lengo ni thamani, ataumia. Kama lengo ni kupata ile anayoipenda yeye kwa macho yake, basi haumii sana. Hapo ni vema umuulize mwenyewe anatafuta nini. Wapo wanaofuata zile zenye kichwa kidogo cha Mickey kilichofichwa kwenye picha, ambazo zilitolewa zianzie kwenye mikanda ya wafanyakazi badala ya dukani. Wapo wanaokusanya mhusika mmoja tu. Mtoto mwenye lengo dogo hahitaji beji 50. Sita za kweli, au seti ndogo ya kuanzia ya dukani, zinaweza kumtosha siku nzima, kwa sababu kila anapotoa moja anapata nyingine ya kutoa tena. Na hilo linaweza kumtuliza hata baba yake kuhusu fedha.

Kuhusu haki ya kutoa feki, umeuliza vizuri ingawa hukuuliza waziwazi. Mfanyakazi hapotezi kitu, ile si mali yake. Anayepokea hasara ni mtoto mwingine atakayeichukua baadaye. Mweleze binti yako hivyo, usimpe amri, umsikie atasema nini. Anakaa na mama anayeijua feki kwa kugusa. Hicho ni kitu kizuri cha kusafiri nacho, na hakilipiwi mzigo.

Mwisho ni nafasi yako, mwanangu, maana umejiita Mama wa Katikati. Unabeba maneno ya mtu na dada yake, na kila unapoyafikisha yanakuwa makali kidogo kuliko yalivyotoka. Unaweza kuendelea, na pengine unaona ndiyo njia ya kuzuia mlipuko. Unaweza pia kusema kwa heshima, "Hili nimelisikia, ila mpigie mwenyewe." Wanaweza kugombana kweli wakiongea. Wanaweza kulia pia. Mama mkwe anayekaa kimya huenda anasubiri tu aombwe awapigie wote wawili, na kwa mtoto wa mtu, simu ya mama ina uzito ambao maneno yanayopitia kwako hayana.

Kabla wifi hajalipia huo mfuko, mwombe amtake muuzaji picha za beji zikiwa zimegeuzwa, nyuma tu, karibu kiasi cha kusomeka maandishi. Muuzaji akikataa, umeshapata taarifa. Akizituma, kaa na binti yako mzikague pamoja, kisha niandikie mmeona nini.

Anti